Nyota wa Kisiwani na Mkono Nilioukata

Mwalimu,

Nimekukosea. Naliandika hili kwanza, kabla hata ya salamu, maana najijua. Nikianza na salamu nitaingia kwenye habari za mvua na mahindi, nitajaza ukurasa, nitakunja karatasi, na lile lenyewe litabaki tumboni. Nimekukosea ukiwa hai, nikakukosea tena siku ya maziko yako, na juzi Jumapili nimekukosea mara ya tatu mbele ya binti yako. Ile miti ya kwenye kijito, uliyokuwa unaiita Mkono, niliikata mimi. Na zile habari za ndege nilizokuwa nakuletea kitandani kila Jumamosi, kuanzia mwezi wa tano mwaka jana mpaka ulipofariki, zilikuwa za uongo.

Haya. Limetoka.

Leo ni Jumanne, mchana, mvua inapiga bati mpaka sisikii redio ya jirani. Mama Lusajo kaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nimekaa na daftari la kurasa arobaini nililonunua Tukuyu, nakuandikia kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Keshokutwa, Alhamisi saa nne, kuna mkutano wa kijiji uwanja wa shule, na ajenda ni moja tu: Kisiwa. Kikundi cha parachichi wanakitaka chote, wakifyeke, wapande. Mwenyekiti amesema kama hakuna sababu ya maana ya kukiacha, mapanga yanaingia kabla ya Krismasi. Sababu iliyokuwepo ni ndege wako. Ushahidi wa ndege wako ni madaftari yako. Na madaftari yako nimeyachafua mimi.

Wewe ndiye uliyekiita Kisiwa. Sisi wengine tulikuwa tunasema "kule korongoni" basi, kipande cha msitu kilichobaki kwa sababu ya mawe na mteremko, chai imekizunguka pande zote. Bahari yenyewe hatujawahi kuiona, wewe wala mimi. Lakini ulinisimamisha pale juu siku moja, ukaninyooshea fimbo ile chai yote iliyokatwa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi, ukasema kwa ndege mdogo anayeishi gizani chini ya miti hii ndiyo bahari. Hana pa kutua, hana pa kujificha, mwewe anamwona kutoka mbali. "Huyu hajui kuogelea, Ambokile," ukacheka peke yako. Njia yake ya kutoka ilikuwa moja tu, ule mstari wa miti na vichaka unaofuata kijito mpaka msitu mkubwa wa mlimani. Kisiwa kimenyoosha mkono kuushika mlima. Ndivyo ulivyosema, na jina likabaki.

Na Mkono ulipita kwenye shamba langu.

Ulikuja nyumbani mwenyewe, nakumbuka, ukakaa kwenye kigoda, ukakataa chai. Mama Lusajo akashangaa, Mwalimu leo vipi? Ukasema, "Nitakunywa nikijibiwa. Ambokile, naomba usiuguse Mkono. Sina cha kukupa, naomba tu." Nikasema sitaugusa. Ukauliza, "Hata mimi nikiwa sipo?" Nikasema hata ukiwa hupo. Ndipo ukanywa chai, vikombe viwili.

Mwalimu, nataka nikumbuke mazuri kidogo kabla sijafika kwenye mabaya, ili ujue kwamba sikusahau. Nilijua kabisa nilichokuwa nakikata.

Nakumbuka mwaka wa kwanza wa kufuatilia ndege tulivyohangaika. Tulikuwa tunaona ndege wa aina mbili. Mmoja kichwa cha rangi ya moshi, mgongo wa kijani, kifua njano kama ndizi iliyoiva. Mwingine wa kijani-kijani tu, mchafumchafu, hana sifa. Ukawaandika kama ndege wawili tofauti. Mwaka mzima! Mpaka tulipomkuta yule wa kijani anabadilika, manyoya ya njano yanachomoza kifuani kama viraka, ukapiga paji la uso. "Mtoto! Huyu ni mtoto wa huyu! Anavaa sare ya shule kwanza, ndiyo avae suti." Ukarudi nyumbani ukafuta kurasa zote kwa kalamu nyekundu, ukaandika pembeni: nilikosea. Hukuona aibu. Mimi nilidhani walimu hawaandiki hivyo.

Na nyota. Miaka miwili tulimwona bila kujua kwamba ana alama nyeupe kooni na mbele ya macho. Akitulia anaificha, huioni kabisa. Siku madume wawili walipogombana kwenye gogo ndiyo tukaiona, imewaka kooni kwa mmoja, tap, kama mtu amewasha tochi. Tangu siku hiyo ukamwita Nyota. Ulisema ni ndege anayeonyesha nyota yake akikasirika tu, au akiogopa.

Nakumbuka na siafu. Wewe ndiye uliyegundua kwamba ukitaka kumpata Nyota, tafuta siafu. Msafara wa siafu ukipita, wadudu wote wanakimbia, na yeye anakaa pembeni kwenye kijiti cha chini anawadaka kirahisi. Sasa siku ile nikasimama katikati ya msafara bila kujua. Walipofika mapajani nikasahau kama niko na mama mtu mzima, mwalimu wangu wa darasa la tano. Suruali nje! Wewe ukageuka ukatazama chai, umenyooka kama uko mstarini, ukasema, "Endelea, Ambokile. Mimi nahesabu ndege." Nikawa naruka huku nyuma nasikia, "Mmoja. Wawili. Pole, mwanangu, usiwakanyage." Ulikuwa unawahurumia siafu.

Na viota. Kile cha kwanza kwenye ukingo wa udongo, kimeezekwa juu kama nyumba, mlango ubavuni, majani makavu na zile nyuzinyuzi za kijani zinazoota kwenye magogo. Mayai matatu meupe yenye madoa, kama yamerukiwa na vumbi la matofali. Sheria yako ilikuwa tukikuta kiota tunasimama mbali, tunakaa muda wa Baba Yetu moja, tunaondoka. Ulikuwa unaisali kwa sauti ya chini ukiwa umefumbua macho. Ukifika "Amina" unanivuta shati.

Lakini kitu kikubwa ulichonifundisha ni zile sehemu tatu. Kila ukurasa wa daftari ulipiga mistari miwili, zikapatikana sehemu tatu, juu umeandika: Nimeona. Nimesikia. Nimedhani. Hata darasani tulipokuwa wadogo ulikuwa hivyo. Mtu akisema, "Mwalimu, chaki kaiba Gwakisa," unamuuliza, "Umeona, umesikia, au umedhani?" Nusu ya darasa inakaa chini. Kwenye ndege ukawa mkali zaidi. Mluzi wake ule mdogo, kama mtu anayemwita mwenzake hataki wengine wasikie, unaingia kwenye Nimesikia, hata kama una hakika ni yeye. Jani limetikisika, hukuona kitu? Nimedhani. Ulisema daftari lisilo na sehemu ya tatu ni la mwongo.

Miguu ilipokukatalia, ukaniita. Ulikuwa umelala kwenye kile kitanda cha sebuleni, ukasema nitakuwa naenda mimi kila Jumamosi asubuhi, nikirudi nikueleze, uandike. Nikauliza, sasa utaandika wapi, kwenye Nimesikia? Maana unasikia kwangu. Ukanitazama. "Hapana. Naandika Nimeona. Macho yako ndiyo macho yangu." Nilitoka pale natembea kama mtu aliyepewa uongozi.

Na nilikwenda, Mwalimu. Miezi mingi nilikwenda. Mvua, ukungu, nilikwenda.

Halafu parachichi zikaja. Unajua zilivyokuja. Kila mtu Lufingo kapanda, Suma kapanda, malori yanapanga foleni Tukuyu msimu wa kuvuna. Gwakisa kila akiniona: "Karani wa ndege! Wenzako wanapakia parachichi, wewe unapakia nini, mluzi?" Watu wanacheka dukani. Na mimi nacheka. Nikirudi nyumbani sicheki. Eneo zuri nililobaki nalo, lenye maji karibu, lilikuwa pale kwenye kijito. Nikajiambia nitakata mstari mmoja tu. Nikajiambia ndege watapita kwenye uliobaki. Nikajiambia Mwalimu hatembei tena, hataona, kwa nini nimuumize? Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, maana niliivalisha nguo ya huruma.

Nilikata siku tatu. Ukishaanza huwezi kuacha katikati, jua likishaingia chini kunakuwa kama nyumba iliyoezuliwa. Siku ya tatu hapakuwa na Mkono. Palikuwa na visiki, na kijito kinang'aa kama kimevuliwa nguo. Nikapanda miche thelathini na nane.

Jumamosi yake nikaja kwako. Swali lako la kwanza: "Mkono haujambo?"

"Haujambo, Mwalimu."

Nimelisikia jibu hilo kila siku tangu hapo.

Kisiwani sikwenda tena. Kwenda ilibidi nipite kwenye visiki, na sikuweza. Nilikuwa nakaa dukani kwa Gwakisa, nakunywa chai na andazi, nikiona saa zimetosha nakuja kwako. Viatu nilikuwa navipitisha kwenye majani yenye umande kabla ya kubisha hodi. Nakuomba radhi hata kwa viatu. Nilikuwa nachukua ndege wa Jumamosi za zamani, nawapanga upya. Dume kwenye gogo. Jike na chakula mdomoni. Wewe unaandika, Nimeona, Nimeona, unatabasamu. Nilikuwa naona nakupa furaha.

Mpaka mwezi wa sita nikapitiliza. Ulikuwa umechoka siku hiyo, nikataka nikuchangamshe, nikasema nimekuta kiota kipya, mayai matatu. Ukaacha kuandika. Nje baridi ile ya mwezi wa sita, ukungu mpaka mlangoni, mtu akiongea mdomo unatoa moshi. Ukasema taratibu, "Mwezi wa sita, Ambokile? Na baridi hii?" Miaka yote tuliyokaa kule hatujawahi kukuta kiota kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza. Nililijua hilo kuliko jina langu. Nikasema, "Labda mwaka huu wamebadilika." Ukaandika. Ukaomba niongezewe chai.

Baada ya hapo hukuuliza habari za Mkono tena. Mimi nikaona ni afya, unasahau.

Na ile Jumamosi ya mwisho, mwezi wa pili, sauti yako ilikuwa imebaki kidogo sana. Nilikuwa nimeshasimama niondoke. Ukanishika kiganja. Ukasema, "Ambokile. Siku ukienda, nenda asubuhi. Fuata siafu." Mimi nikafikiri ni ugonjwa unaongea. Siku nikienda? Si natoka huko sasa hivi, Mwalimu? Nikakuitikia tu, "Sawa, Mwalimu," kama unavyomwitikia mtu mwenye homa.

Siku tatu baadaye ukafariki.

Kwenye maziko, wasifu wako ulipokwisha kusomwa, binti yako Bupe akaomba niseme neno kuhusu ndege, maana mimi ndiye niliyekuwa macho yako. Nikasimama mbele ya kaburi, watu wamejaa mpaka kwenye migomba, nikasema, "Mpaka Jumamosi ya mwisho ya uhai wake, nilimletea habari za Nyota." Wanawake wakalia. Mchungaji akanishika bega. Ndiyo mara ya pili hiyo.

Sasa sikiliza ya juzi.

Bupe alikuja kutoka Mbeya na madaftari yote kumi na nne kwenye begi. Wiki iliyopita aliyapeleka kwa Mwenyekiti akijua yatawanyamazisha watu. Mwenyekiti si mtu mbaya, akayasoma kweli. Akafungua la mwisho. Akamwambia, "Mwanangu, mama yako alikuwa mkweli, nami namheshimu. Tazama mwenyewe. Sehemu ya Nimeona iko tupu tangu mwezi wa sita mwaka jana. Kama yeye alisema hajaona, mimi nitawaambia nini watu?" Na kikundi wameshaidaka hiyo habari. Wanasema Mwalimu uzeeni alikuwa anaota ndege. Vijana wanapita wanapiga mluzi wanacheka.

Jumapili baada ya ibada Bupe akanikuta nje ya kanisa. "Shikamoo, kaka Ambokile." Akafungua daftari mbele yangu, kidole kwenye ukurasa. "Wewe ulikuwa unamletea habari kila wiki. Mbona mama ameziandika zote huku?"

Nikatazama. Ni kweli. Jumamosi sita za mwanzo za uongo wangu uliziweka kwenye Nimeona. Kuanzia ile siku ya kiota cha baridi, habari zangu zote, mwandiko wako ule wa kulala upande, ziko sehemu ya tatu. Nimedhani. Wiki baada ya wiki. Tarehe, jina langu, nilichosema, neno kwa neno, kwenye Nimedhani. Mpaka ya mwisho.

Ulijua.

Ulijua, na kila Jumamosi ukaniwekea chai. Ulikuwa unaningojea. Miezi minane umelala pale unaningojea niseme, na mimi nakusimulia ndege.

Nilipaswa kumwambia Bupe palepale. Watu wanatoka kanisani, wanatusalimia, Gwakisa yuko pale kavaa tai. Nikasema, "Labda macho yalimchoka, dada. Alikosea mstari."

Mwalimu, mara ya tatu sikukuongopea tu, nilikusingizia. Wewe uliyekosea mara moja ukaandika kwa nyekundu kwamba umekosea, nimesema hukujua mstari wako. Bupe akafunga daftari. Akasema, "Basi hatuna kitu." Akaenda.

Sikulala vizuri. Jana Jumatatu, kulipokucha tu, nikachukua panga, nikaliacha tena mlangoni, nikaenda mikono mitupu.

Nilipita kwenye visiki. Miparachichi imenifika kiunoni, imeanza maua. Sikuangalia sana. Nikaingia Kisiwani, na harufu ile, majani yaliyooza na maji, ikanipiga kama umefungua mlango wako. Nikakaa. Saa nzima, kimya. Nikaanza kuwaza nitakavyoishi nikijua nimewamaliza. Halafu nikakumbuka: fuata siafu. Nikatafuta, nikawakuta wanavuka chini ya lile jiwe la chemchemi. Safari hii nikasimama pembeni, nimechomeka suruali kwenye soksi kama wewe.

Alikuja wa kijani kwanza. Mchafumchafu, hana sifa, sare ya shule. Mtu mwingine yeyote angesema ni ndege fulani tu. Mimi nikajua. Mtoto, Mwalimu. Wa mvua zilizopita. Wakati mimi nakutungia viota dukani, kiota cha kweli kilikuwepo, na hakuna aliyekwenda kukiona.

Halafu dume akatoka. Simjui, au namjua, sijui. Nyota imewaka kooni, wazi kabisa. Nikafikiri ananiogopa mimi. Haikuwa mimi. Akamrukia yule kijana, akamfukuza. Unakumbuka wanavyofanya mvua zikianza: baba anataka eneo lake, mtoto aende akatafute lake. Na walikuwa wanakwendaga, kupitia Mkono, juu, mlimani. Nikawafuata. Akamfukuza mpaka mwisho wa miti, upande wa shamba langu. Yule kijana akatua kwenye tawi la mwisho. Mbele yake ni mwanga mtupu na miparachichi yangu. Akainama kama anayetaka kuruka. Akarudi nyuma. Akainama tena. Baba yake akaja, akampiga, manyoya yakaruka. Akarudi ndani. Akafukuzwa tena mpaka tawi lilelile. Nilihesabu mara nne. Hawezi kukaa, hawezi kutoka. Nimesimama pale, na ukuta anaogonga nimeupanda mimi kwa mikono yangu, nikaumwagilia na maji.

Nikasali Baba Yetu moja, kama sheria yako. Kwenye "utusamehe" nikashindwa kuendelea. Nikaondoka bila Amina.

Nikamwambia Mama Lusajo yote. Hakushtuka. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. Akasema, "Mimi nilikuwepo siku ulipomwahidi, baba Lusajo. Ulidhani nilisahau? Nilikuwa naangalia tu utakula hizo parachichi kwa mdomo gani." Halafu akaongeza, "Ukizing'oa, nitashika upande wa pili."

Naogopa, Mwalimu. Sitakudanganya na hili. Naogopa Alhamisi kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Gwakisa atakuwepo, mchungaji atakuwepo, na wote waliolia kwenye kaburi lako nikiwaongopea. Watanizomea, na watakuwa na haki. Labda nikisema bado watafyeka. Watasema ndege wawili ni kitu gani. Lakini mimi peke yangu duniani ndiye ninayeweza kushuhudia kwamba ile sehemu tupu haimaanishi hapakuwa na ndege. Ina maana hapakuwa na mtu. Nikinyamaza, wewe ndiye utakayebaki mzee aliyeota.

Kwa hiyo nitafanya hivi. Alhamisi saa nne, uwanja wa shule, kabla Mwenyekiti hajafungua mjadala, nitaomba kusimama. Nimeshamtumia Bupe ujumbe alete daftari la kumi na nne, nimemwambia kuna jambo nililomficha na nitalisema mbele yake. Nitasema nani alikata Mkono. Zile Jumamosi sita ulizoniamini, nitazifuta kwa kalamu nyekundu mbele ya watu, moja moja, niandike pembeni ulivyoandika wewe: nilikosea. Zilizobaki zisimame, maana ni zako. Halafu nitawasomea ukurasa mpya, wa Jumatatu. Nimeona: dume mmoja, nyota wazi, kijana mmoja wa kijani. Nimesikia: mluzi, mara tatu, upande wa chemchemi. Nimedhani: jike yupo, ameshaanza kujenga. Na nitamwambia Mwenyekiti kesho yake alfajiri twende wote, yeye na kikundi, nikawaonyeshe. Wachomeke suruali kwenye soksi.

Na Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, miparachichi yote thelathini na nane itakuwa imeng'oka. Wakubali kukiacha Kisiwa au wakatae, itang'oka. Najua miti haioti kwa wiki. Lakini migomba tunayo, nitahamisha ile mikubwa na majani yake, niipande imebanana kando ya kijito chote, kivuli kipatikane siku hiyohiyo, na katikati yake niweke miche ya asili kutoka kwenye kitalu cha shule. Wakiamua kufyeka, hao wawili watakuwa na pa kukimbilia.

Sikukuaga siku ya maziko, nilikuwa nadanganya. Nakuaga sasa. Ndaga fijo, asante sana, Mwalimu, kwa macho uliyoniazima, na kwa chai ya zile Jumamosi ambazo sikustahili hata kikombe. Lala. Barua hii nitaiweka ndani ya daftari la kumi na nne ili Bupe aisome, maana na yeye nilimkosea.

Mvua imepungua, natoka kwenda dukani kwa Gwakisa. Siendi kukaa. Nakwenda kununua kalamu nyekundu.

Mwanafunzi wako wa darasa la tano,
Ambokile